Mafunzo ya huduma ya amani, haki na upatanisho Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyaokota madarasani, wakati wa chai, na kwenye simu za jioni kutoka kwa wachungaji, makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi, kuanzia Iringa na Makambako hadi Tunduma na Kyela. Tumeyaacha kwa maneno ya wanaouliza. Ukikuta jibu linakuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, hatukutaka kurudia.

## Kuanza

1. Mafunzo haya ni ya nini hasa?

Yanamwandaa mtumishi wa kanisa kukaa katikati ya watu waliogombana bila kuchochea moto, kutafuta kweli ya kilichotokea, kumsimamia aliyedhulumiwa arudishiwe chake, na kuwasindikiza wahusika mpaka waweze tena kuishi ujirani. Kuhubiri amani unakujua tayari. Hapa unajifunza kazi inayoanza Jumatatu, baada ya mahubiri, pale ndugu wawili walioketi benchi moja Jumapili wanapokutana shambani kila mmoja ameshika panga.

Msingi wetu ni 2 Wakorintho 5:18, Paulo anaposema Mungu ametupa huduma ya upatanisho. Neno ni huduma. Na huduma ina ujuzi wake, kama ilivyo kwa muuguzi au fundi.

2. Lazima niwe mchungaji?

Hapana. Wengi wanaofanya kazi hii vizuri ni wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya ndogondogo na akina mama ambao kijiji kizima huwaendea kabla ya kumwendea mtu mwingine yeyote. Mchungaji huhamishwa, mama yule atabaki palepale miaka thelathini na anajua nani alimkopesha nani mbegu za viazi.

Madhehebu hayatuzuii. Mlutheri, Mmoravian, Mkatoliki, Mwanglikana na Mpentekoste hukaa darasa moja, kwa sababu ugomvi wa kijijini hauulizi mtu amebatizwa wapi.

3. Yanachukua muda gani, na nitapata cheti?

Tunakutana kwa awamu fupi, na kati ya awamu na awamu unarudi nyumbani kufanya kazi uliyopewa. Unapata karatasi ya kuhudhuria. Haikufanyi wakili wala hakimu, na usiitundike ukutani kana kwamba ni leseni. Anayetaka elimu ya juu ya theolojia aulize vyuo vyetu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Iringa. Nje ya nchi, wengine wamekwenda Mindolo, kituo cha kiekumene kilichoko Kitwe, Zambia, tangu 1958, ambacho kina kozi za ujenzi wa amani. Kwa mtu wa Mbeya hiyo si mbali sana: reli ya TAZARA inafika hadi Kapiri Mposhi, na kutoka hapo ni basi.

## Imani na historia

4. Kwa nini mnasisitiza haki? Kazi ya kanisa si kuhubiri msamaha?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa na watu wema. Nitalijibu kwa kirefu.

Tumezoea kikao cha namna hii. Watu wawili wanaitwa ofisini kwa mchungaji. Aliyenyang'anywa shamba analia, aliyenyang'anya anatazama chini. Mchungaji anasoma kuhusu kusamehe saba mara sabini, anawaomba washikane mikono, wanaomba pamoja, wanakwenda. Shamba linabaki kwa yule yule. Tunaita upatanisho, na kwenye taarifa ya mwaka tunaandika kwamba kesi imekwisha. Kilichotokea kweli ni kwamba mnyonge amenyang'anywa mara mbili: mara ya kwanza shamba, mara ya pili haki ya kusema kwamba ameumizwa, maana sasa akisema tena anaonekana hana moyo wa kusamehe.

Tuna methali mbili zinazotumika vibaya sana mahali hapo. Moja ni "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nyingine ni "funika kombe mwanaharamu apite." Zina hekima yake, lakini anayezitamka huwa ni nani? Mara nyingi ni yule aliyefaidika na yaliyopita. Kidonda chenye usaha hakifungwi bandeji kabla hakijasafishwa.

Soma tena Zakayo, Luka 19. Hakusema tu "naomba radhi". Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Baada ya hapo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Soma na Zaburi 85:10, ambapo fadhili, kweli, haki na amani zinakutana. Kuna zoezi linalotokana na mstari huo, ambalo mpatanishi Mmennonite wa Marekani, John Paul Lederach, alilieneza baada ya kufanya kazi Nicaragua miaka ya 1980: watu wanne wanasimama mbele, kila mmoja anakuwa neno moja na kusema linataka nini. Tunalifanya siku ya kwanza. Kila mara, Amani ndiye huwahi kuzungumza na huwataka wenzake wanyamaze. Darasa moja aliyesimama kama Haki alikuwa mama mchuma chai kutoka upande wa Mufindi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye Haki huitwa akiwa bado yuko mlangoni, na anapoingia anakuta kikao kimeshafungwa kwa sala. Hakuna aliyecheka. Wachungaji watatu waliandika maneno yale kwenye madaftari yao.

5. Mathayo 18:15-17 haitoshi? Imetupa utaratibu wote.

Imetupa mwanzo mzuri: nenda kwake ninyi wawili peke yenu, kisha chukua mtu mmoja au wawili, kisha kanisa. Lakini inazungumza na ndugu wawili wanaoweza kutazamana usoni. Binti wa kazi anayedai mshahara wa miezi sita kwa mzee wa kanisa hawezi kuambiwa "nenda kwake ukiwa peke yako". Nguvu zao hazilingani. Hapo hatua ya mashahidi ndiyo inakuwa ya kwanza, na shahidi mmoja awe mtu ambaye binti mwenyewe amemchagua.

6. Kwa nini mnafundisha habari za Mkwawa na Maji Maji? Sisi tumekuja kujifunza Biblia.

Kwa sababu kanisa letu lilizaliwa katikati ya habari hizo. Wamisionari wa Berlin na Wamoravian walifika Unyakyusa mwaka uleule, 1891. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Wahehe wa chifu Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo. Ngome ya Kalenga ikaanguka 1894, Mkwawa akajiua 1898 asikamatwe, na fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani, likarudi nyumbani 1954 tu. Leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Wakati wa Maji Maji, mwaka 1905, Wabena walishambulia misheni ya Yakobi, Njombe. Jiulize kwa nini misheni. Mtu aliyeona mashamba yakichomwa hakuwa na njia rahisi ya kumtofautisha mzungu wa Injili na mzungu wa bunduki.

Tunafundisha hilo pia kwa ajili ya somo la kuomba radhi. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa waliyotendewa wahenga wa watu wa huko wakati wa Maji Maji. Tunaliweka tukio hilo mezani na kuuliza: alifanya nini vizuri? Alikwenda mahali penyewe, alikutana na uzao wa waliouawa, alitaja kosa kwa jina lake. Nini kimebaki? Mabaki ya wahenga yaliyochukuliwa, ambayo mengine bado yamo katika hifadhi za Ujerumani. Baada ya hapo hakuna mwanafunzi anayeniuliza tena tofauti ya "samahani" na fidia.

## Kazi yenyewe

7. Kikao cha upatanisho kinaendaje, hatua kwa hatua?

Kwanza unamsikiliza kila mmoja peke yake, kwake, si ofisini kwako. Mithali 18:17 inatuonya kwamba wa kwanza kujitetea huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Usiahidi kitu. Usile kwa mmoja ukakataa kwa mwingine. Watu wanahesabu hata vikombe vya chai.

Pili, nenda mahali penyewe. Hili wachungaji wengi hulikwepa kwa sababu ya tope. Nitasimulia moja. Ndugu wawili wa Rungwe waligombania mpaka wa shamba la chai na migomba alilowaachia baba yao. Walikuwa wamekaa vikao vinne vya maneno. Katika cha tano tuliacha viti, tukapanda mlimani mvua ikinyesha, wao wawili, mama yao, jirani mmoja na mimi. Mkubwa alikuwa na fimbo. Kila hatua alichoma ardhi na fimbo ile akisema, "Mpaka ni hapa, baba alisema hapa." Mdogo hakusema kitu. Tulipofika katikati ya mteremko mama akasimama, akaikwangua ardhi kwa mguu chini ya majani ya migomba, kikatokea kisiki kilichooza, cheusi, laini kama mkate uliolowa. Akasema mti huu aliupanda baba yenu, ndio mpaka. Kisiki kilikuwa mistari miwili ya chai ndani ya upande wa mkubwa. Mkubwa akakitazama, akaishusha fimbo, akamwambia mwenzake, "Mdogo wangu, nilijua." Tulisimama pale mvuani muda mrefu. Sikuwa na neno la kuongeza na nashukuru sikujaribu.

Tatu, baada ya kweli, mnazungumza urejesho. Ndugu wale walikubaliana mistari miwili irudi na malipo ya chai ya msimu ule yaende kwa mdogo. Nne, mnaandika: daftari la kawaida, tarehe, majina, mashahidi, sahihi au dole gumba, nakala kwa kila upande na nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Tano, unarudi baada ya miezi mitatu. Usiporudi, hujui kama uliwapatanisha au uliwachosha.

Sala inakaa wapi? Mwanzoni na mwishoni, na isitumike kumnyamazisha mtu anayezungumza.

8. Si kazi ya mabaraza ya ardhi hiyo? Tusije tukavunja sheria.

Usuluhishi wa hiari hauvunji sheria, ila ujue unasimama wapi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, nalo limebaki na usuluhishi tu; anayetaka hukumu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo mzee wa kanisa anayejua kazi hii anaweza kuwa mjumbe mzuri wa baraza la kijiji, na wengi ni wajumbe tayari. Usichoruhusiwa ni kujifanya mahakama: kutoza faini, kumtenga mtu na kisima, au kumkataza asiende kwenye baraza.

9. Mjane ananyang'anywa shamba na ndugu wa mume. Wanasema ndiyo mila. Nianzie wapi?

Anzia kwenye muda. Kila wiki unayosubiri, shamba linalimwa na mtu mwingine na mahindi yake yanaota. Mwambie mama asiondoke kwenye nyumba, na awapate mashahidi mapema.

Kuhusu mila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba desturi inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Wakumbushe ndugu hilo kwa upole kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee. Mara nyingi linatosha, maana wengi hawajawahi kuambiwa. Lisipotosha, mpeleke Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya msimamizi wa mirathi, na umtafutie msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure. Nenda naye. Mama aliyesindikizwa na mzee wa kanisa hazungushwi sana kwenye mabenchi.

10. Wanandoa wamegombana na mke anataka talaka. Nikae nao?

Unaweza, lakini uliza jambo moja kwanza, ukiwa na mke peke yake: je, anapigwa? Kama ndiyo, usiwakalishe pamoja. Mwanamke anayeogopa hawezi kusema kweli akiwa ameketi kando ya anayemwogopa, na jioni watarudi nyumba moja. Usalama kwanza, kisha tazama swali la 12.

Kama hakuna ukatili, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kufika mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Baadhi ya madhehebu yana mabaraza yanayotambulika. Sebule yako si baraza.

11. Huku Mbarali ugomvi ni wa wakulima na wafugaji. Mbinu hizi zinafaa?

Zinafaa kwa sehemu, na ukizidharau sehemu nyingine utaumiza watu.

Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa mtu usiku, kuna mkulima na kuna mfugaji, na hatua za swali la 7 zinafanya kazi vizuri: kwenda kwenye jaruba, kuhesabu kilicholiwa, kukubaliana fidia. Lakini bonde la Usangu lina sababu zilizo kubwa kuliko watu wawili. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa bondeni na mifugo yao, na 2008 ardhi oevu ya Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ardhi na maji vikapungua kwa wote waliobaki. Ukiwaambia watu hao wawili kwamba shida ni hasira zao, umewaongopea wote.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwetu. Tazama nani amekaa kwenye mabenchi ya kanisa lako. Kama ni wakulima watupu, wewe si mtu wa katikati machoni pa mfugaji, hata ukiwa na moyo safi kiasi gani. Tafuta mwenza kutoka upande wao, awe mzee wa kimila, mchungaji wa kanisa lao au shehe, mkae mezani wawili. Tumeona kikao kikivunjika kwa sababu moja tu: kilifunguliwa kwa wimbo ambao nusu ya waliokuwepo hawakuujua.

## Pale meza yetu inapoishia

12. Mtoto amebakwa, na familia zote mbili zinataka tuyamalize kinyumbani.

Hapana. Hili halipatanishwi. Ng'ombe, fedha, ndoa ya haraka, yote hayo ni kumuuza mtoto mara ya pili, na ukisimamia kikao hicho umeshiriki.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Toeni taarifa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au pigeni 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwananchi yeyote mwenye habari ya haki ya mtoto kuvunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa au kijiji. Mchungaji ni mwananchi.

Kazi yako ya kichungaji iko palepale: kukaa na mtoto na mama yake, kuwasindikiza mahakamani, kuwalinda na maneno ya kijiji. Hata mtuhumiwa unaweza kumtembelea gerezani. Ila usiwakutanishe.

13. Na tuhuma za uchawi?

Usikae kikao cha kuchunguza nani mchawi, na usimruhusu mtu kuleta waganga wa kufichua. Mtu akishatajwa, na mara nyingi ni bibi mzee, maisha yake yako hatarini usiku uleule. Mhamishie mahali salama, mjulishe mtendaji na polisi, ndipo uongee na familia iliyofiwa. Chini ya tuhuma karibu kila mara kuna msiba ambao hawajaulilia, au shamba.

14. Nikiambiwa siri, niitunze mpaka wapi?

Padri anafungwa na muhuri wa kitubio, na hilo halina mjadala. Sisi wengine tuseme mapema, kabla mtu hajafungua mdomo: "Nitatunza utakayoniambia, isipokuwa kama mtoto anaumizwa au mtu anataka kuua au kujiua." Ukilisema mwishoni, umemtega.

15. Ugomvi uko ndani ya kanisa letu: viongozi, mali, uchaguzi. Tutumie mafunzo haya?

Yatumieni, lakini msijisuluhishe wenyewe. Aliyepiga kura upande mmoja hawezi kuwa katikati, hata akiwa msharika mwaminifu. Alikeni mtu wa dhehebu jingine. Inauma kuwaonyesha majirani nguo chafu, ninajua. Nimekaa katika usharika uliogawanyika, ambako kulikuwa na kufuli mbili kwenye mlango mmoja wa kanisa, kila kundi na funguo yake, na watoto wa shule ya Jumapili wakifundishwa chini ya mti. Waliofungua mlango ule walikuwa wanawake wa makundi yote mawili, waliokutana msibani jikoni, wakapika ugali sufuria moja, wakaamua kutopika tena vyungu viwili.

16. Mimi mwenyewe sijasemezana na mtumishi mwenzangu mwaka wa tatu sasa. Nina haki gani ya kuja kujifunza kupatanisha wengine?

Njoo. Karibu nusu ya darasa huja hivyo, na hawasemi mpaka siku ya tatu. Mathayo 5:23-24 inamwambia mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Haisemi sadaka itupwe. Darasa letu la mwisho mwinjilisti mmoja aliomba ruhusa kipindi cha mchana, akapanda bodaboda chini ya jua kali kwenda kwa mwenzake vijiji viwili mbele. Alirudi giza limeingia, viatu vyekundu kwa vumbi. Tulimwachia chakula. Alisema hakumkuta, amemwachia mke wake ujumbe, na kesho atakwenda tena.